Mzee kaanguka bafuni: kinachommaliza ni kuanguka au ni kitanda?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa miaka sasa na hauchoki. Unasema watu wanapata kiharusi bafuni kwa sababu wanaanza kujimwagia maji kichwani badala ya kuanzia miguuni. Kila akianguka mzee wa mtaani au mtu maarufu, ujumbe unarudi. Nyuma yake wanakuja wenye ushauri: huyu anasema mzee asiguswe mwezi mzima, yule anasema mifupa ya uzeeni haiungi tena, wa tatu anarusha namba ya mkandaji. Katikati ya kelele hizo kuna familia inayotakiwa kuamua, mara nyingi usiku, nini kifanyike kwa mama aliye chini sakafuni.

Tulimalize kwanza hili la bafu. Maji ya kichwani hayamletei mtu kiharusi. Wazee wanaanguka bafuni kwa sababu tailizi zimelowa, kandambili zimelika soli, hakuna cha kushika, na saa nane za usiku mtu amekwenda kukojoa bila kuwasha taa. Halafu kuna presha. Ukiinuka ghafla kutoka kitandani au kwenye choo cha kuchuchumaa, damu hubaki miguuni kwa sekunde chache na ubongo unapata pungufu. Kijana mwili wake unarekebisha kabla hajatambua. Mzee, hasa anayetumia dawa za presha au za kukojoza, anapata kisunzi na kwenda chini.

Ni kweli pia kwamba wapo ambao kiharusi kilianza ndipo wakaanguka. Hicho kinaweza kumkuta mtu bafuni, sebuleni au shambani. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hata ya kuangalia mguu ni hili: aliteleza, au kuna kitu kilimwangusha? Anakumbuka alivyoanguka? Mdomo umepinda? Mkono mmoja umelegea? Maneno yanamtoka kwa shida? Likiwepo moja kati ya hayo, ni hospitali mara moja, mfupa utafuata.

Sasa tuelewane kwenye maneno. Kuanguka, kwa maana wanayotumia wataalamu wa afya, ni mtu kujikuta chini bila kukusudia, awe ameteleza, amejikwaa au miguu imemwishia nguvu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaoumia vibaya zaidi ni waliovuka miaka 60. Hii si habari ya Ulaya peke yake.

Neno la pili ni nyonga. Watu wengi husema "kavunjika kiuno", na ukienda hospitali unakuta kiuno kiko salama. Kilichovunjika ni sehemu ya juu kabisa ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye tundu lake la nyonga. Sehemu hiyo ina shingo nyembamba iliyokaa mshazari, na mzee akiangukia ubavu, uzito wote unaishia hapo.

La tatu ni mifupa kudhoofika, au osteoporosisi. Fikiria mfupa kama nyumba ya miti na udongo. Kila masika mvua inabandua udongo kidogo, na kila kiangazi mwenye nyumba anakandika upya. Ujanani mkandikaji ana nguvu kuliko mvua. Ukifika umri wa miaka ya 30 wanakwenda sare, kisha polepole mvua inaanza kushinda. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma mvua inakuwa ya gharika, kwa sababu homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Kwa nje nyumba imepakwa chokaa, inapendeza, hakuna anayejua kwamba ndani fito ziko wazi, hadi siku mtu aegemee ukuta.

Ndiyo maana mjukuu anaanguka mara kumi kwa siku na kuendelea kucheza, bibi anaanguka mara moja kwa kimo chake mwenyewe na mfupa unakatika. Wenye miaka 50 na 60 wakivunjika, mara nyingi ni kifundo cha mkono, kwa kuwa bado wana wepesi wa kutanguliza mkono. Ukivuka 75 mkono unachelewa, na pigo linaishia kwenye nyonga.

Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini Mwafrika havunjiki nyonga. Utafiti wa Johannesburg uliochapishwa mwaka 1968 ulikuta tatizo hilo ni adimu sana kwa Waafrika weusi. Siku hizi watu wanaishi zaidi, wengi wakiwa mjini kwenye nyumba za ngazi na tailizi, na wodi za mifupa zinaona bibi na babu ambao vitabu vya zamani vilisema hawapo.

Anatembea, basi hajavunjika?

Hapa ndipo watu wanapoteza siku. Nyonga iliyovunjika vizuri, tuseme hivyo, haina siri: mzee amelala chali, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake, kidole gumba kimegeukia nje, na ukimwambia ainue kisigino kutoka kwenye godoro hawezi. Lakini ipo aina nyingine ambayo vipande vya mfupa vimebanana. Huyo anaweza kusimama, hata akatembea kwa kuchechemea hadi chooni. Analalamika maumivu ya kinena, au hata ya goti, kwa sababu nyonga ina tabia ya kupeleka maumivu yake gotini. Familia inanunua dawa ya kuchua ya goti. Baada ya siku kadhaa vipande vinaachana, na kilichokuwa ufa mdogo kinakuwa kazi kubwa.

Kwa hiyo mzee aliyeanguka na bado anachechemea kesho yake anahitaji eksirei ya nyonga, si ya goti tu. Eksirei ikiwa safi na maumivu hayapungui, arudi. Ufa mwembamba wakati mwingine hauonekani siku ya kwanza.

Je, mifupa ya mzee haiungi? Inaunga. Ni kazi ileile inayofanyika kwa kijana, ila kwa mwendo wa taratibu. Damu inavilia pale palipovunjika, ndani ya wiki mbili tatu kunajengeka daraja laini, kisha kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili daraja linakuwa gumu. Kifundo cha mkono kwa kawaida hukaa kwenye P.O.P, yaani plasta ngumu, au muhogo kama mtaani wanavyosema, kwa wiki sita hivi. Mbavu zilizopata ufa zinaunga zenyewe kwa muda kama huo bila kufungwa chochote. Cha muhimu ni dawa ya maumivu ya kutosha ili mzee avute pumzi ndefu na kukohoa. Akiogopa kuvuta pumzi, makohozi yanatuama na nimonia inaingia.

Kinachowachanganya watu ni ile shingo ya mfupa wa paja, ambayo kweli ina tatizo la kwake. Kichwa cha mfupa kinapata damu kwa mishipa midogo inayopanda ikiwa imeshikamana na shingo. Shingo ikikatika na vipande kuachana, mishipa inakatika nayo, na kichwa kinaweza kufa hata ungesubiri mwaka. Hapo daktari wa mifupa hasubiri kuunga: anatoa kichwa kilichovunjika na kuweka cha bandia. Ukivunjika chini kidogo ya shingo, ambako damu ni tele, mfupa unashikiliwa kwa chuma na unaunga wenyewe. Ndiyo sababu wazee wawili wa wodi moja, wote "wamevunjika kiuno", wanafanyiwa upasuaji tofauti, na ndugu wanadhani mmoja kadhulumiwa.

"Kwa umri huu mnampasua wa nini?"

Swali hili huulizwa na watoto wanaompenda mama yao. Mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza alianguka na kuvunjika nyonga Januari 1998 akiwa na miaka 97. Alifanyiwa upasuaji, akatembea tena, akafa mwaka 2002 akiwa na miaka 101. Desemba 2024 Nancy Pelosi, aliyekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani, aliteleza ngazini Luxembourg akiwa na miaka 84. Siku iliyofuata alikuwa tayari amewekewa nyonga ya bandia katika hospitali ya jeshi la Marekani nchini Ujerumani.

Najua utasema hao wana madaktari wao. Ni kweli, na sitaandika kana kwamba pesa si tatizo. Chuma na nyonga ya bandia vinagharimu, na familia nyingi zinachelewa kwa sababu ya mchango, si kwa ujinga. Ila aina hii ya upasuaji inafanyika hapa kwetu, Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, hospitali ya KCMC Moshi, hospitali ya Kikuyu kule Kenya na kwingineko. La kujifunza kwa Pelosi ni muda. Miongozo ya tiba katika nchi nyingi inataka nyonga ya mzee ishughulikiwe ndani ya saa 48. Upasuaji una hatari zake, na mwenye moyo au mapafu mabovu atahitaji kutengenezwa kwanza. Lakini familia inapopima hatari ya kisu, isisahau kuweka upande wa pili wa mizani hatari ya kutopasuliwa, ambayo ni kulala wiki nyingi mguu ukiwa umefungiwa uzito.

Na kulala ndiko kunakomaliza watu.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio rahisi: waliwalaza wazee wenye afya njema, wasio na ugonjwa wala jeraha, kitandani kwa siku kumi. Kwa siku hizo kumi miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Hao walikuwa wazima. Mzee mwenye maumivu, asiyekula vizuri, anapoteza haraka zaidi, na nyama ya uzeeni ikishaondoka kuirudisha ni kazi. Ongeza hapo nimonia kwa sababu mapafu hayatanuki, damu inayoganda kwenye mguu na donge lake kupanda kifuani, vidonda vya mgongoni na visiginoni, choo kigumu, na kuchanganyikiwa kwa ghafla ambako ndugu hudhani ni wazimu. Hata katika nchi tajiri, takriban robo ya wazee wanaovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja. Wachache kati yao huuawa na mfupa wenyewe. Wengi huondoka na haya yanayokuja na kitanda, au na magonjwa waliyokuwa nayo ambayo kitanda kiliyapa nafasi.

Kwetu mapenzi yanaonyeshwa kwa kumhudumia mtu. Mama ameumia, basi hataguswa na kazi. Uji unaletwa kitandani, ndoo inaletwa kitandani, wajukuu wanapokezana kumgeuza. Nia ni njema kabisa. Lakini binti anayesema "Mama, inuka tukakae barazani, uji wako uko huko" anamtibu kuliko anayemlisha kwa kijiko akiwa amelala.

Hospitali zinazofuata utaratibu mzuri humsimamisha mgonjwa wa nyonga siku moja baada ya upasuaji. Ndugu hushtuka: jana kapasuliwa, leo mnamsimamisha! Chuma kimewekwa ili asimame. Ikiwa daktari amesema asikanyagie kwa muda fulani, hiyo ni amri ya kufuatwa. Asiposema, muulizeni: "Anaruhusiwa kukanyagia kiasi gani?" Msiondoke wodini bila jibu hilo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atawaonyesha mambo ambayo karibu kila mtu huyafanya kinyume. Mkongojo, kwa mfano. Mguu wa kulia ukiwa mbovu, wengi hushika fimbo mkono wa kulia. Inatakiwa mkono wa kushoto, na fimbo itangulie pamoja na mguu mbovu. Hivyo uzito unaegemea upande mzima. Urefu wake unapimwa mzee akiwa amesimama wima na viatu vyake: kichwa cha fimbo kiwe usawa wa kifundo cha mkono ulioning'inia. Kwenye ngazi, kupanda anatanguliza mguu mzima, kushuka anatanguliza mguu mbovu. Choo cha kuchuchumaa kisahauliwe kwa miezi ya mwanzo. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza stuli imara yenye tundu, yenye mikono ya kujisukumia, kwa gharama ya kawaida.

Nafuu kubwa huja katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza na inaendelea kidogo kidogo hadi mwaka. Wengi hawarudi kabisa walipokuwa, na ni haki yao kuambiwa hivyo mapema: aliyekuwa akitembea bila kitu huenda akahitaji fimbo daima. Hilo halimaanishi matibabu yameshindwa.

Kichwa, mkandaji na supu

Jeraha ninaloliogopa kuliko nyonga ni lile ambalo halionekani. Ubongo husinyaa kidogo na umri, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wake inabaki imevutika. Mzee akigonga kichwa, hata kidogo tu kwenye fremu ya mlango, mshipa mmoja unaweza kuchuruzika damu polepole. Siku hiyo ni mzima. Wiki mbili tatu baadaye, wakati mwingine zaidi, kichwa kinauma, anasinzia mchana, anasahau majina, mguu mmoja unaburuzika. Nyumbani watasema uzee umemwingia, au kuna mkono wa mtu. Anayetumia aspirini, warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda yuko hatarini zaidi. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kinaionyesha damu hiyo, na mara nyingi inatolewa kwa tundu dogo kwenye fuvu na mzee anarudiwa na akili zake. Kwa hiyo mzee akibadilika ndani ya miezi miwili mitatu tangu aanguke, mwambieni daktari habari za ule mwanguko, hata kama mnaona ulikuwa wa kipuuzi.

Wakandaji nao. Sitawatukana, wapo wenye mikono yenye ujuzi, na mtu wa kijijini mwenye maumivu ya misuli anapata nafuu kwao. Kwa mzee aliyeanguka, kumkanda kabla ya eksirei ni kamari. Kukanda mfupa uliovunjika kunasogeza vipande na kukata mishipa, na vijiti vikifungwa kwa kukaza mno, damu haipiti. Vidole vikiwa baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, fungua mara moja na ukimbilie hospitali, awe amefunga mkandaji au daktari.

Supu ya makongoro ni tamu, endeleeni kunywa. Ila ile gundi yake haiendi moja kwa moja kwenye ufa wa mfupa. Tumbo linaivunjavunja kama chakula kingine chochote, na kalsiamu iliyomo ni kidogo. Anayeunga mfupa anahitaji protini ya kutosha kila mlo: mayai, maharage, samaki, maziwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaishinda supu ya makongoro kwa kalsiamu. Na atolewe nje kwenye jua, kwa kuwa mwili hutengeneza vitamini D kwa jua la ngozini, na mzee aliyefungiwa chumbani au anayejisitiri mwili mzima anaikosa hata akiwa Tanga.

Hofu ya kuanguka tena

Mfupa umeunga, jeraha limekauka, na bado mzee hatoki. Anaogopa. Hofu hiyo inaleta kutotembea, kutotembea kunamaliza miguu, miguu dhaifu inaleta mwanguko wa pili. Kumwambia "usiogope" hakusaidii. Kumfundisha kuinuka kunasaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu ni ile ya kubaki chini peke yake kwa saa nyingi.

Inafanywa hivi, ikiwa hajaumia. Asikurupuke, atulie kwanza, ajisikilize mwili. Ageukie ubavu, ajisukume kwa kiwiko hadi akae nusu, kisha apige magoti na mikono chini. Atambae hadi kwenye kiti kizito au kitanda, aweke mikono juu yake. Mguu wenye nguvu aukunje na kuukanyagia mbele, goti la pili libaki chini. Ajisukume kwa mikono na mguu huo, ageuke taratibu, akae. Mwenye nyonga mpya amwulize kwanza mtaalamu wake kama anaruhusiwa kupiga magoti. Wewe msaidizi kazi yako ni kusogeza kiti. Usimvute kwa kwapa, utamtegua bega.

Zoezi lenye faida kwa gharama ya bure ni kuinuka kitini na kukaa bila kushika, mara chache, kisha kuongeza. La pili ni kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine huku ameshika meza. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi ya namna hii hupunguza kuanguka kwa karibu robo.

Halafu zipitiwe dawa. Wekeni zote kwenye mfuko mmoja, za presha, za usingizi, piritoni anayomeza ili alale, na mizizi ya kuchemsha, mzipeleke kliniki. Macho yapimwe pia, maana mtoto wa jicho huficha ngazi ya mwisho.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni dawa ya mifupa yenyewe. Mzee anashonwa, anawekewa chuma, anaruhusiwa, na hakuna aliyegusa sababu. Mfupa uliokatika kwa mtu kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe ni ushahidi tosha kwamba umedhoofika, hata bila mashine ya kupima, ambayo ni adimu. Zipo dawa zinazopunguza uwezekano wa kuvunjika tena: vidonge vya mara moja kwa wiki, au dripu ya mara moja kwa mwaka. Muulizeni daktari kwa maneno hayohayo: "Ataanzishiwa dawa ya kuimarisha mifupa?" Akipewa vidonge, amezee glasi nzima ya maji asubuhi kabla ya kula, kisha akae wima nusu saa bila kulala, kwa sababu kidonge kikikwama kinaunguza koo la chakula. Wengi huacha dozi kwa kiungulia, na ukiwauliza walikuwa wakimeza wakiwa wamejilaza kitandani.